Somo la wiki: Seva ya majina ikizimika, duka limefungwa

Mfanyabiashara wa mbaazi na choroko mwenye ghala Dar es Salaam na wanunuzi wake Mumbai na Dubai anaweza kukaa siku mbili bila kupata oda hata moja kwa barua pepe, akadhani soko limepoa. Umeme upo, simu inaita, na kompyuta ya ofisini inafungua kurasa za magazeti kama kawaida. Kumbe jina la kampuni yake halipatikani tena kwenye intaneti, na barua za wanunuzi zinarudi zilikotoka. Mnunuzi wa nje hana muda wa kuuliza kulikoni. Anamwandikia muuzaji anayefuata kwenye orodha yake, na shehena inapata mwenyewe mwingine.

Hasara ya aina hiyo haiingii kwenye daftari la mahesabu, kwa sababu oda ambayo haikufika haina mahali pa kuandikwa. Ndiyo maana somo la wiki hii linaacha bei za mazao na hisa, linaeleza chombo ambacho wafanyabiashara wengi wanakitegemea bila kukijua, yaani seva ya majina. Mwenye kampuni si lazima aiweke kwa mikono yake. Lakini asipoelewa inavyofanya kazi hawezi kumsimamia fundi anayemlipa, wala hawezi kujua hitilafu iko kwa nani siku biashara inaposimama.

JINA NA NAMBA

Kompyuta kwenye intaneti hazijuani kwa majina bali kwa namba. Mfano wake ni sanduku la posta: mteja anakumbuka jina la kampuni, posta inataka namba ya sanduku. Kazi ya seva ya majina ni kuligeuza jina kuwa namba. Hapo awali majina yote yaliandikwa kwenye faili moja lililotunzwa na Stanford Research Institute huko California, na kila mwenye kompyuta alichukua nakala yake. Mtandao ulipokua orodha ile ikashindwa kwenda na wakati. Mwaka 1983 Paul Mockapetris wa University of Southern California akabuni utaratibu wa kugawana kazi, kwamba kila mwenye jina atunze orodha yake mwenyewe. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 1987 ndizo msingi wa mfumo huo hadi leo.

Chukua jina la kufundishia, mfano.co.tz. Mteja aliye Arusha akiandika www.mfano.co.tz, kompyuta yake inauliza seva ya kampuni ya simu anayoitumia. Hiyo inaitwa seva tafutaji. Kama haina jibu, inakwenda kwanza kwenye seva za mzizi, ambazo zina majina 13 yanayoanzia herufi A hadi M, ingawa mashine zenyewe ni zaidi ya 1,000 zilizotawanywa duniani kote na baadhi ziko Afrika Mashariki. Mzizi unasema: kaulize seva za .tz. Seva za .tz nazo zinasema: jina hilo linatunzwa na seva fulani na fulani. Seva hizo za mwisho ndizo zenye mamlaka, na ndizo zinazotoa namba. Safari yote hiyo huchukua chini ya sekunde moja.

Jibu likishapatikana, seva tafutaji hulihifadhi kwa muda ambao mwenye jina ameupanga. Muda huo huitwa TTL na huhesabiwa kwa sekunde: 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Msomaji aishike namba hiyo, maana nusu ya malalamiko ya "kwangu inafunguka, kwake haifunguki" yanatokana nayo.

NANI ANASHIKA NINI

Kabla ya kugusa mashine yoyote, mwenye kampuni anapaswa kujua mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. Kuna msajili, yaani aliyeliandikisha jina na kupokea ada ya mwaka. Kuna anayeendesha seva za majina. Kuna mwenye mashine iliyobeba tovuti na barua pepe. Wote watatu wanaweza kuwa kampuni moja, au kampuni tatu katika nchi tatu. Ada ya msajili isipolipwa, seva hata zikiwa nzima kiasi gani, jina linafutika.

Tatizo linaloonekana sana kwenye biashara ndogo ni jina kuandikishwa na kijana aliyetengeneza tovuti, kwa barua pepe yake binafsi na kadi yake ya benki. Siku anapohamia mji mwingine, taarifa ya kwamba ada inakwisha inakwenda kwake. Jina likipotea, atakayelichukua hana wajibu wa kulirudisha kwa bei ile ile. Kwa mwekezaji mdogo anayetaka kununua hisa au ubia katika biashara inayouza kupitia mtandao, swali la kwanza la ukaguzi liwe hili: jina limeandikishwa kwa nani, na linaisha lini?

Hata wakubwa hujikwaa hapo. Krismasi ya mwaka 1999 baadhi ya watumiaji wa Hotmail walishindwa kufungua barua zao kwa sababu Microsoft ilikuwa imesahau kulipia jina passport.com. Mtaalamu mmoja wa programu wa Tennessee, ambaye hakuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, alilipa dola 35 za Marekani kwa kadi yake mwenyewe na huduma ikarudi.

Majina yenyewe ni biashara nono. Network Solutions ilianza kutoza dola 50 kwa mwaka Septemba 1995, na mwaka 2000 ilinunuliwa na VeriSign kwa thamani ya takriban dola bilioni 21. Kampuni hiyo baadaye iliuza kitengo cha kuandikisha wateja lakini ikabaki na usimamizi wa .com, na hisa zake huuzwa soko la Nasdaq. Bei ya jumla ya jina moja la .com ilipanda hadi dola 10.26 kuanzia Septemba 1, 2024. Anayetozwa dola 60 na wakala kwa jina hilo hilo ana haki ya kuuliza kinachoongezwa ni nini.

KUIWEKA SEVA

Swali la kwanza ni kama kuna haja ya kuwa na seva yako mwenyewe. Kwa duka lenye tovuti moja na barua pepe za watu watano, jibu la kweli ni hapana. Kukodi huduma hiyo ni nafuu, na wakala wengi huitoa bure pamoja na jina. Wenye haja ni kampuni zenye matawi, watoa huduma za intaneti, vyuo, na wale wanaohudumia majina ya wateja wao. Hata hivyo rekodi ni zile zile kwa anayekodi na anayemiliki, na sehemu hii inawahusu wote wawili.

Programu inayojulikana zaidi ni BIND, iliyoanzia University of California huko Berkeley miaka ya 1980. Haiuzwi, na hupatikana kwenye karibu kila toleo la Linux. Fundi huandika kwanza faili la mipangilio linalosema seva inatunza majina gani, kisha faili la rekodi kwa kila jina. Faili la rekodi la mfano.co.tz linaweza kuwa hivi (namba zilizotumika zimetengwa kimataifa kwa ajili ya mafundisho):

$TTL 3600
@ IN SOA ns1.mfano.co.tz. fundi.mfano.co.tz. ( 2025030401 7200 3600 1209600 3600 )
@ IN NS ns1.mfano.co.tz.
@ IN NS ns2.mfano.co.tz.
@ IN MX 10 barua.mfano.co.tz.
@ IN A 192.0.2.15
www IN A 192.0.2.15
barua IN A 192.0.2.25
ns1 IN A 192.0.2.10
ns2 IN A 198.51.100.20

Alama ya @ ni jina lenyewe la kampuni. Rekodi ya A hutoa namba ya mashine. Rekodi ya MX huonyesha mashine inayopokea barua pepe, na ndiyo rekodi ya fedha: ikikosewa, tovuti hufunguka vizuri huku oda zikipotea, na hakuna anayeshtuka. Rekodi za NS hutaja seva zenye mamlaka. Zipo nyingine, kama TXT ambayo hutumika kutangaza ni mashine zipi zinaruhusiwa kutuma barua kwa jina la kampuni. Bila tangazo hilo, ankara halali inaweza kuishia kwenye kapu la takataka la mnunuzi.

Mstari wa SOA unastahili kusomwa polepole. Namba ya kwanza, 2025030401, ni namba ya toleo la faili. Kwa desturi huandikwa mwaka, mwezi, siku, na mara ya ngapi faili limebadilishwa siku hiyo. Zinazofuata zinaielekeza seva ya pili: ikague toleo jipya kila sekunde 7200, yaani saa mbili, ikishindwa ijaribu tena baada ya saa moja, na ikikaa sekunde 1209600, yaani siku 14, bila kuipata seva ya kwanza, iache kabisa kujibu. Namba ya mwisho ni muda wa kuhifadhi jibu la "jina hili halipo".

Faili likishaandikwa, amri ya named-checkzone hulikagua na named-checkconf hukagua mipangilio. Fundi asiyetumia amri hizo mbili kabla ya kuiwasha seva anacheza bahati nasibu na mali ya mwenzake. Baada ya hapo mlango namba 53 ufunguliwe kwenye ulinzi wa mtandao, kwa njia zote mbili za UDP na TCP. Mafundi wengi hufungua UDP peke yake, na kila kitu huonekana sawa mpaka jibu refu linapohitajika au seva ya pili inapotaka kuchukua nakala, kazi ambazo hupita TCP.

Mwisho wa kazi hiyo ni kwa msajili. Majina ya seva mbili yaandikwe kwake, na kwa kuwa katika mfano huu seva zenyewe zina jina lililo ndani ya mfano.co.tz, namba zake pia lazima ziandikwe huko. La sivyo ni mzunguko usio na mlango: ili kuipata ns1 unahitaji kuuliza mfano.co.tz, na ili kuipata mfano.co.tz unahitaji kuiuliza ns1.

Kuna mambo mawili ya usalama yasiyosubiri. Seva yenye mamlaka isikubali kutafuta majina ya watu wengine kwa niaba ya kila anayeuliza, kwa sababu wahalifu huitumia kupeleka mafuriko ya majibu kwa mtu wa tatu. Pili, nakala nzima ya faili itolewe kwa seva ya pili tu.

SEVA MBILI, LAKINI WAPI?

Kanuni inataka seva zenye mamlaka zisipungue mbili. Wengi hutimiza kanuni hiyo kwa kuweka mashine mbili juu ya meza moja, zenye waya mmoja na jenereta moja. Huko si kuwa na mbili.

Somo hilo lililipiwa ghali na Microsoft. Jioni ya Januari 23, 2001 fundi alibadilisha mipangilio ya rauta, na seva zote nne za majina za kampuni hiyo, ambazo zilikuwa nyuma ya mtandao huo mmoja, zikawa hazifikiki. Tovuti za microsoft.com, msn.com, Expedia na nyinginezo hazikupatikana kwa karibu siku nzima, ingawa mashine za tovuti zenyewe zilikuwa nzima. Siku zilizofuata wavamizi wakaielekezea njia hiyo hiyo mafuriko ya data. Baadaye Microsoft iliikodi Akamai iongeze seva za majina sehemu nyingine.

Miaka ishirini baadaye, Oktoba 4, 2021, ilikuwa zamu ya Facebook. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata njia kuu baina ya vituo vyake vya data. Seva za majina, zilipoona haziwezi kuvifikia vituo hivyo, zikajiondoa zenyewe kwenye ramani ya intaneti kama zilivyopangwa. WhatsApp, Instagram na Facebook zikatoweka kwa muda wa saa sita hivi. Wafanyakazi nao walikwama, maana vyombo vyao vya ndani vilitegemea majina yale yale. Hisa za kampuni zilifunga siku hiyo zikiwa zimeshuka kwa karibu asilimia 5, ingawa habari za mfanyakazi wa zamani aliyetoa siri za kampuni nazo zilichangia. Huku kwetu wenye maduka yanayopokea oda kwa WhatsApp walihesabu hasara yao kimya kimya.

Kukodi kwa kampuni kubwa nako si kinga kamili. Oktoba 21, 2016 kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikiendesha seva za majina za wateja wengi wakubwa, ilishambuliwa na kundi la vifaa vilivyotekwa, zikiwemo kamera za ulinzi za majumbani. Twitter, Spotify na Reddit zikawa hazifunguki kwa watumiaji wengi. Waliokuwa na seva kwa kampuni mbili tofauti waliendelea na kazi.

Kwa Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Mei 12, 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika kwa wakati mmoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya. Katika hali kama hiyo, kampuni yenye tovuti iliyowekwa Dar es Salaam lakini seva zote za majina zikiwa Ulaya au Marekani inaweza kutopatikana hata kwa mteja aliye Kariakoo. Mashine ipo mtaa wa pili, ila wa kumwelekeza mteja yuko ng'ambo ya waya uliokatika. Ushauri wenye busara ni seva moja ndani ya nchi na nyingine nje, kwa watoa huduma wawili wasiotumia njia moja.

KUTAFUTA HITILAFU

Hitilafu ikitokea, wengi huanza kwa kuzima na kuwasha. Njia hiyo hufuta ushahidi. Kinachotakiwa ni kuuliza kwa mpangilio, kuanzia kwa mteja kwenda kwa mwenye mamlaka, na chombo cha kuulizia ni amri ya dig kwenye Linux au nslookup kwenye Windows.

Kwanza iulizwe seva tafutaji nyingine, kwa mfano 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare. Zikijibu sawasawa wakati ile ya kampuni ya simu haijibu, kosa haliko kwa mwenye jina, na fundi wake asigusi kitu. Zisipojibu, iulizwe moja kwa moja seva yenye mamlaka: dig @192.0.2.10 www.mfano.co.tz. Jibu lake liwe na alama ya aa, maana yake seva inajibu kwa mamlaka yake yenyewe. Kisha iulizwe ya pili kwa namna hiyo hiyo. Amri ya dig +trace hufuata njia nzima tangu kwenye mzizi na kuonyesha ni hatua ipi mnyororo unakatika.

Aina ya jibu nayo inasema mengi. NXDOMAIN ni kauli kwamba jina halipo. Hilo ni jibu kamili, na seva ya barua ya mnunuzi ikilipata itarudisha barua papo hapo. SERVFAIL maana yake seva tafutaji imeshindwa kupata jibu la kuaminika, na hapo barua nyingi hubaki kwenye foleni na kujaribiwa tena kwa siku nne au tano kabla ya kurudishwa. Tofauti hiyo ni muhimu kwa mfanyabiashara: katika hali ya pili bado ana muda wa kuokoa oda zake. REFUSED kutoka kwenye seva yako huonyesha kwamba seva haijui kama imepewa jina hilo kulitunza. Ukimya mtupu huelekeza kwenye umeme, waya au mlango 53 uliofungwa.

Makosa yenyewe huwa ni yale yale. Linaloongoza ni nukta. Katika faili la rekodi, jina kamili lazima liishie na nukta. Ikisahauliwa, BIND huongeza jina la kampuni mwishoni, na barua.mfano.co.tz hugeuka barua.mfano.co.tz.mfano.co.tz, mashine ambayo haipo popote. Nukta moja, na barua za wiki nzima zimekwenda.

La pili ni namba ya toleo. Fundi anabadilisha rekodi kwenye seva ya kwanza, anasahau kuongeza namba. Seva ya pili inaona toleo ni lile lile, haichukui kitu. Kuanzia hapo wateja wanaoangukia seva ya kwanza wanapata namba mpya, wengine ya zamani, na malalamiko yanakuja kwa vipande visivyoeleweka. Tiba yake ni kuziuliza seva zote mbili rekodi ya SOA na kulinganisha. Zikitofautiana, mkosaji amepatikana.

Kuna kosa jingine ambalo huwatatanisha hata wazoefu. Seva ya kwanza inaharibika, au namba yake inabadilishwa bila seva ya pili kuarifiwa. Hakuna anayegundua, kwa sababu ya pili inaendelea kujibu kwa uaminifu. Siku ya 15 inanyamaza, kwa kuwa ile namba ya 1209600 imetimia. Mwenye kampuni anaapa kwamba hakuna kilichoguswa wiki hii, na anasema kweli. Kilichoguswa kiliguswa wiki mbili zilizopita. Ndiyo sababu kila seva ikaguliwe peke yake kila asubuhi, kazi ya dakika moja.

Ikiwa baadhi ya seva tafutaji zinatoa SERVFAIL na nyingine zinajibu vizuri, ichunguzwe sahihi ya usalama iitwayo DNSSEC. Mfumo huo huweka muhuri kwenye rekodi, na alama ya muhuri huo huwekwa kwenye seva za ngazi ya juu kupitia msajili. Kampuni ikihamia kwa mtoa huduma mpya bila kuondoa alama ya zamani, seva zinazokagua mihuri hukataa majibu yote kama ya bandia. Amri ya dig +cd huomba jibu bila ukaguzi. Likija kwa njia hiyo na lisije bila hiyo, tatizo ni muhuri.

Upo pia uhalifu, ambao dalili yake ni kwamba kila kitu kinafanya kazi. Mwizi aliyepata neno la siri la akaunti ya msajili hubadilisha rekodi ya MX tu, barua zikapitia kwake kwanza, akasubiri ankara kubwa na kubadilisha namba ya akaunti ya benki. Wimbi la utekaji wa rekodi za majina liliposhika kasi, serikali ya Marekani Januari 2019 iliziamuru idara zake kukagua rekodi zote, kubadilisha maneno ya siri na kuongeza uthibitisho wa hatua mbili, na ilizipa siku 10 za kazi. Hatua hizo hazimgharimu kitu mfanyabiashara wa hapa isipokuwa muda wa mchana mmoja. Aidha amwombe msajili aweke kufuli la kuzuia jina kuhamishwa.

KUHAMA BILA KUPOTEZA MTEJA

Hasara nyingi hutokea siku ya kuhamisha tovuti au barua kwenda kwa mtoa huduma mwingine. Mafundi huwaambia wateja wao kwamba mabadiliko "yanasambaa" duniani na wasubiri saa 48. Hakuna kinachosambaa. Kilichopo ni nakala za zamani zinazosubiri TTL yake iishe, na TTL hiyo ameipanga mwenye jina mwenyewe.

Kwa hiyo, kama TTL ni 86400, ishushwe hadi 300 siku mbili kabla ya kuhama. Siku ya kuhama, nakala zote zilizo nje zitakuwa na umri wa dakika tano tu, na kosa likionekana linarudishwa kabla ya chai kupoa. Isipokuwa seva za majina zenyewe ndizo zinazobadilishwa: hapo muda hupangwa na ngazi ya juu, na kwa .com ni sekunde 172800, ambazo ni siku mbili kamili. Katika kipindi hicho seva za zamani ziachwe ziwake, zikiwa na rekodi sawa na mpya, na mkataba wa mtoa huduma wa zamani usivunjwe mpaka mwezi uishe.

Kazi ianze Jumanne au Jumatano asubuhi, si Ijumaa jioni wakati fundi ameshavaa koti. Baada ya kubadilisha, barua moja itumwe kutoka anwani iliyo nje ya kampuni na ijibiwe, simu ipigwe kwa mnunuzi mmoja wa Dubai afungue tovuti akiwa kwake, na rekodi ya SOA ilinganishwe kwenye seva zote mbili. Mambo yakitulia kwa siku tatu, TTL irudishwe ilivyokuwa.